Meza Ndiyo Madhabahu: Mwongozo wa Kuitakasa Siku ya Kawaida kwa Myahudi Aliye Ugenini

Nabii Yeremia alipowaandikia barua mateka wa Babeli, hakuwaambia wakalie mizigo yao wakingoja safari ya kurudi. Aliwaambia wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuozesha, na wauombee amani mji waliohamishiwa. Ezekieli, aliyekuwa mateka huko huko, akaleta neno la Mungu kwamba hata katika nchi walikotawanywa, Yeye mwenyewe atakuwa kwao patakatifu padogo. Na Warumi walipolibomoa Hekalu la pili mwaka 70, wenye hekima walifundisha jambo linaloushika mwongozo huu wote: Hekalu liliposimama, madhabahu ilimfanyia mtu upatanisho, siku hizi meza yake ndiyo inayomfanyia upatanisho.

Baraka tunayoisoma kabla ya amri nyingi inamsifu Mungu "aliyetutakasa kwa amri zake". Kwa hiyo utakatifu hautegemei umeamka na moyo wa namna gani. Unakuja kwa kutenda kilichoamriwa, kwa kipimo chake na kwa saa yake, ukitumia vitu vilivyopo nyumbani kwako: sufuria, unga, mlango, mshahara. Kumngojea Masihi ni wajibu wetu, ila huku tukingoja, wali lazima upikwe, na kuna namna ya kuupika.

Naandika kwa ajili ya Myahudi anayeishi Nairobi, Mbale, Lubumbashi, Dar es Salaam au popote pasipo bucha la kosha (chakula kinachoruhusiwa kwa Myahudi) wala rabi, mwalimu wa sheria, wa jirani, na kwa aliye katika safari ya kuongoka chini ya mkono wa rabi. Usiyabebe yote kwa mpigo. Anza na baraka za asubuhi na za chakula, maana hazihitaji fedha wala vyombo vipya. Kisha jiko, kisha Shabati nzima, siku ya mapumziko tangu Ijumaa jioni hadi Jumamosi usiku. Mengine yatafuata.

Asubuhi, kabla hujatoka kitandani

Ukifumbua macho, sema Mode Ani, shukrani fupi kwa Mfalme aliye hai aliyekurudishia roho yako. Husemwa hata kabla ya kunawa, ndiyo maana jina la Mungu halimo ndani yake. Halafu nawa mikono kwa kikombe: mimina mkono wa kulia, kisha wa kushoto, mara tatu kwa kupokezana. Wengi huweka kikombe na beseni karibu na kitanda tangu usiku.

Ukitoka chooni, nawa, kisha soma Asher Yatzar. Baraka hii inamshukuru Mungu aliyemuumba mwanadamu kwa hekima na kuweka ndani yake matundu na mirija, ambayo mmoja ukiziba au ukipasuka, mtu hawezi kusimama hata kitambo. Imo katika Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho ya marabi, kwa jina la Abaye, mwalimu wa Babeli, naye alikuwa mtu wa ugenini kama sisi. Mimi naiona kuwa baraka ya kwanza ambayo kila anayeanza aikariri, kwa sababu inatakasa kitu ambacho hakuna mtu angedhani kina nafasi katika ibada. Aliyewahi kumuuguza mtu mwenye figo mbovu anaijua thamani yake bila kufundishwa.

Sasa saa ya sala. Hapa msemaji wa Kiswahili ana neema ya pekee. Sheria zetu huhesabu saa za mchana kuanzia macheo, kumi na mbili hadi machweo, sawasawa na tunavyohesabu sisi. Mishna, sheria za kale ambazo Talmudi inazifafanua, inaposema kwamba Shema ("Sikia, Ee Israeli") ya asubuhi husomwa mpaka mwisho wa saa tatu, unaielewa palepale bila kupiga hesabu. Sala ya asubuhi yenyewe inaruhusiwa mpaka mwisho wa saa nne. Kwa walio Ulaya, saa hizo hurefuka kiangazi na kufupika kipupwe. Kwetu karibu na ikweta, saa ya sheria na saa ya ukutani hutofautiana dakika chache tu mwaka mzima. Hata hivyo jua la Nairobi huchomoza baada ya saa kumi na mbili, na wapo wanaoanza hesabu tangu alfajiri, kwa hiyo soma Shema kabla ya saa mbili na nusu na utakuwa salama kwa maoni mengi.

Elekea Yerusalemu. Ukiwa Nairobi, Mombasa au Kampala, hiyo ni kaskazini, karibu moja kwa moja. Kama huna watu kumi wa kukamilisha minyani, sali peke yako na uache Kadishi, Barkhu na Kedusha, sehemu zinazosemwa penye watu hao kumi tu. Usiiache sala yenyewe kwa kisingizio cha upweke.

Jikoni

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo nyumba inapobadilika.

Torati inasema mara tatu usimpike mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, na kutokana na hilo tunatenganisha nyama na maziwa kabisa. Utahitaji sufuria, visu, vijiko na sahani za aina mbili, na ni vizuri uwe na seti ndogo ya tatu kwa vyakula visivyo upande wowote. Vitie alama ya rangi, nyekundu kwa nyama, buluu kwa maziwa, ili hata msaidizi wa nyumbani asichanganye. Baada ya kula nyama, wengi husubiri saa sita kabla ya maziwa. Wapo wa saa tatu, na Wayahudi wa Uholanzi wana desturi ya saa moja. Shika ya kwenu au ya rabi wako.

Vyombo ulivyokuwa navyo zamani vinashughulikiwa hivi. Sufuria ya chuma au alumini isugue mpaka isibaki uchafu wala kutu, iache siku nzima bila kutumika, kisha ijaze maji hadi ukingoni na uyachemshe mpaka yafurike, halafu isuuze kwa maji baridi. Chuma kilichokaa motoni moja kwa moja, kama kimia cha kuchomea nyama, hutakaswa kwa moto na si kwa maji. Chungu cha udongo hakina dawa, kwani Torati yenyewe inaamuru chombo cha udongo kilichopikiwa sadaka ya dhambi kivunjwe, maana udongo hunyonya na hautoi. Chungu cha bibi kiweke mapambo, upate kipya.

Vyombo vipya vya chuma na kioo vilivyotengenezwa au kuuzwa na asiye Myahudi huzamishwa mikveni, yaani katika maji ya utakaso, kabla ya matumizi. Bahari ni mikve halali. Anayeishi Mombasa, Tanga au Zanzibar ana mikve kubwa kuliko zote mlangoni pake. Ondoa lebo na gundi yote, ingia majini, soma baraka, ukishike chombo kwa mkono uliokwisha kulowa na kukilegeza kidogo ili maji yakiguse kila upande, nacho kizame chote kwa pamoja. Chagua bahari iliyotulia, maana wimbi huchukua sufuria.

Nyama ndiyo shida ya ugenini. Nyama ya halali, pamoja na heshima yote kwa ndugu zetu Waislamu, si kosha: uchinjaji wetu una sheria zake za kisu na mchinjaji, mapafu hukaguliwa, na mafuta fulani na mshipa wa paja huondolewa. Baada ya hapo nyama hulowekwa nusu saa, hutiwa chumvi kila upande na kukaa saa moja mahali inapochuruzika damu, kisha husuuzwa mara tatu. Kama hakuna mchinjaji, usijidanganye na usijionee huruma. Kula samaki.

Samaki halali ana mapezi na magamba, na gamba liwe linabanduka bila kuichana ngozi. Sato na sangara ni halali. Changu vilevile. Kambale hana magamba, basi. Papa ngozi yake ni kama msasa, lakini hilo si gamba la kubanduka. Pweza, ngisi, kamba na kaa hawamo. Sokoni nunua samaki mzima mwenye ngozi yake uone magamba kwa macho yako, kwa sababu minofu iliyochunwa haina cha kukuthibitishia. Na muuzaji akitaka kukupasulia, mpe kisu chako na ubao wako, kwa maana kisu chake kimetoka kwenye tumbo la kambale dakika tano zilizopita.

Mchele tunauchambua kila siku kutoa mawe. Uchambue sasa kwa nia nyingine pia, kwa sababu mdudu mmoja anayeonekana kwa jicho ni katazo la Torati. Mwaga kwenye sinia nyeupe penye mwanga, peta, angalia. Sukuma wiki na mchicha loweka katika maji yenye chumvi au siki, suuza kwa maji yanayotiririka, kisha inua jani moja moja uliangalie pande zote mbili kwenye jua. Yai vunjia kwenye kikombe kwanza. Likiwa na damu, litupe. Fanya uchambuzi huu Ijumaa mapema, maana kuchambua takataka kutoka kwenye chakula ni miongoni mwa kazi 39 zilizokatazwa siku ya Shabati.

Jambo la furaha kwa watu wa pwani: tui la nazi si maziwa. Kuku wa nazi, nyama ya nazi, wali wa nazi uliopikwa kwenye sufuria ya nyama, vyote vyafaa. Rabi Moshe Isserles wa Krakow, katika karne ya 16, aliandika kuhusu maziwa ya lozi kwamba yakipikwa na nyama, lozi ziwekwe kando ili mgeni asidhani sheria imevunjwa. Fanya hivyo kwa nazi: weka kipande mezani karibu na bakuli.

Kama una msaidizi anayepika, washa jiko wewe mwenyewe. Kwa Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, hilo latosha kukifanya chakula kiwe kimepikwa kwa mkono wa Myahudi. Wasefaradi, wenye asili ya Hispania, wanataka Myahudi aweke sufuria motoni pia.

Na unga. Ukikanda mkate wa pakiti nzima ya kilo mbili ya ngano, umefikia kiasi cha kutenga hala, sehemu ndogo ya donge. Kwa kipimo kilichoenea, kuanzia kama kilo 1.2 unatenga bila baraka, na kuanzia kama kilo 1.67 unatenga kwa baraka. Wapo wanaongoja kilo 2.25 ndipo wabariki. Donge likishaumuka kata kipande cha ukubwa wa zeituni, sema "hii ni hala", kifunge kwenye karatasi ya foili na ukichome peke yake kwenye mkaa mpaka kiwe majivu. Zama za Hekalu kipande hiki kilikuwa haki ya kuhani. Leo hakuna kuhani aliye safi kukila, kwa hiyo tunakichoma. Kila mwanamke anayekanda unga ugenini ameshika sehemu ya kuhani mikononi mwake, nami sijui amri nyingine inayoleta Hekalu karibu hivyo na meko.

Mezani

Kumwagiana maji mikononi kwa birika kabla ya kula ni adabu ya pwani tangu zamani. Kwetu kunawa kuna taratibu chache zaidi: kikombe kisicho na ufa, maji mara mbili kwa kila mkono kuanzia kulia, baraka, kufuta, na kimya mpaka umeze mkate. Chovya mkate katika chumvi, kwa kuwa kila sadaka iliandamana na chumvi.

Kunawa huku kwa baraka ni kwa mkate wa nafaka tano za Torati, yaani ngano na shayiri pamoja na jamaa zao. Ugali wa mahindi haumo, hata ukiwa ndio uti wa mgongo wa mlo. Juu ya ugali wapo wanaosoma baraka ya mazao ya ardhi, na wapo wanaosoma Shehakol, "ambaye kila kitu kilikuwa kwa neno lake". Muulize rabi wako, na ukikosa wa kumuuliza, Shehakol inatosha kwa kila chakula penye shaka. Andazi lililokaangwa katika mafuta mengi ni Mezonot (baraka ya vyakula vya nafaka), na wali pia. Embe, chungwa na nazi ni matunda ya mti. Muhogo na viazi ni ardhi. Ndizi nayo ni ardhi, na mkulima haulizi kwa nini: mgomba ukishazaa mkungu umekwisha, chipukizi ndiyo inaendelea, kwa hiyo hauhesabiwi mti.

Rabi Meir alisema mtu anawajibika kusoma baraka mia moja kila siku. Ukizijua baraka za chakula na sala tatu, utaona zinafika.

Mezani zungumza neno la Torati, hata mstari mmoja wa juma hilo. Mishna inasema watatu waliokula meza moja wakasema maneno ya Torati ni kama waliokula mezani pa Mungu. Kabla ya baraka ya baada ya mlo, ondoa visu au uvifunike. Mawe ya madhabahu hayakuguswa na chuma, nayo meza imechukua nafasi yake.

Mlangoni

Mezuza, kipande cha ngozi chenye maneno ya Torati, hufungwa mwimo wa kulia unapoingia, mwanzoni mwa theluthi ya juu. Nje ya Nchi ya Israeli, mpangaji ana siku 30 kabla hajawajibika. Nunua iliyoandikwa kwa mkono na mwandishi anayeaminika. Karatasi iliyochapwa kwa mashine ni pambo tu. Katika joto na unyevu wa pwani wino hupasuka, kwa hiyo ikaguliwe angalau mara mbili katika miaka saba, kama sheria inavyotaka.

Kazini na mfukoni

Watu hushika sufuria mbili kwa ukali wakasahau hili. Talmudi inasema swali la kwanza mtu atakaloulizwa mbele ya hukumu ni kama alifanya biashara kwa uaminifu. Mizani yako, bei yako, ahadi yako kwa mteja: hizo ni amri kama tefilini, visanduku vya maandiko vinavyofungwa mkononi na kichwani wakati wa sala.

Chukua mfano wa kibarua. Umemwita fundi kuziba bomba, amemaliza saa tisa alasiri, ameomba pesa yake. Torati inakuamuru umlipe siku hiyo hiyo, kabla jua halijachwa, "kwa kuwa ni maskini, na moyo wake umeutumainia". Akimaliza jua limeshazama, una mpaka alfajiri. "Njoo kesho" kwa mtu ambaye watoto wake wanangoja unga ni katazo la wazi, na ni katazo jepesi mno kulivunja. Kwa hiyo kabla hujamwita fundi, hakikisha fedha ipo kwenye simu au mfukoni. Ukimlipa kwa wakati kwa nia ya kutimiza amri, tendo hilo la nusu dakika lina uzito wa ibada.

Tenga moja ya kumi ya pato lako kwa maskini, usizidishe moja ya tano. Maskini wa mji wako hutangulia wa mji mwingine, na wasio Wayahudi nao hupewa kwa ajili ya amani.

Nguo pia. Sufu na kitani hazivaliwi pamoja katika vazi moja. Kanga na kitenge vya pamba havina tatizo. Koti la mitumba ndilo la kuangalia, kwa sababu lebo husema sufu na ndani ya kola kumeshonwa kitani. Mpelekee mjuzi alikague.

Shabati karibu na ikweta

Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya machweo. Nairobi, machweo ya mwaka mzima hupishana kama nusu saa tu, kwa hiyo kila Ijumaa ujue kwamba kufikia saa kumi na moja na nusu jiko liwe limeshapangwa, maji yamechemshwa na taa zimeachwa zinavyotakiwa.

Chakula cha moto cha mchana wa Shabati ni desturi ya kale, na makande yanafaa kabisa. Yapike Ijumaa mpaka yaive kabisa. Mishna inajua jiko la makaa kuliko vitabu vingi vya kisasa: sharti ama uondoe makaa ama uyafunike kwa majivu kabla ya Shabati. Funika makaa kwa majivu, au weka kipande cha bati juu ya jiko, halafu sufuria juu yake, na usiyachokoe tena mpaka Jumamosi usiku. Jiko la makaa likae nje au penye hewa nyingi, kamwe si chumbani kunakolalwa. Kulinda uhai nako ni amri.

Jamii ya Abayudaya ya Mbale, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, ilishika Shabati kwa miongo mingi ikiwa mbali na sinagogi lolote kubwa, na Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, waliobaki walisali kwa siri. Rabi Elazar alisema katika Talmudi kwamba Mungu aliwatawanya Israeli kati ya mataifa ili waongofu waongezwe kwao. Nikiwafikiria watu wa vilima vile, kauli hiyo huacha kuwa fumbo.

Nyota tatu zikionekana, fanya Havdala, ibada ya kuiaga Shabati: divai, manukato, moto wa tambi zilizoungana, na baraka ya kutenganisha. Kwa manukato tumia karafuu. Hapo, bila divai wala juisi ya zabibu, wengi wanaruhusu kinywaji cha heshima cha nchi, na chai ya rangi imo kwa maoni ya baadhi.

Sikukuu na mvua

Nje ya Nchi ya Israeli, sikukuu nyingi za Torati zina siku ya ziada, kwa hiyo tuna Seder (mlo wa ibada wa usiku) mbili za Pasaka. Ashike hilo hata aliye peke yake. Mahindi na maharage, kwa Mwashkenazi, hayaliwi wiki hiyo. Kwa Msefaradi mara nyingi ruhusa ipo.

Ombi la mvua katika sala, kwa walio nje ya Nchi, huanza jioni ya tarehe 4 Desemba, au 5 katika mwaka unaotangulia mwaka mrefu wa siku 366, na hukoma Pasaka. Ratiba hiyo ilipangwa kwa mashamba ya Babeli. Masika yetu huanza Machi na kuendelea mpaka Mei, yaani ombi linakoma mvua ikiwa inahitajika zaidi. Shulhan Arukh, kitabu kikuu cha sheria zetu, imelitolea jibu: nchi inayohitaji mvua wakati wa kiangazi cha Israeli iombe katika baraka ya Shomea Tefila, "asikiaye sala". Kwa hiyo baada ya Pasaka, masika yakisuasua na mahindi yakianza kujikunja, usibadilishe baraka ya miaka, ambamo ombi la kawaida la mvua huwekwa. Ukifika Shomea Tefila, ingiza pale, kwa Kiebrania au kwa Kiswahili chako, ombi la mvua kwa shamba lako na la jirani yako.